Kibanza ya Ndeke

Batu ya Kabuta, kijiji ya kando ya ziwa, banasema shemeki yangu Apollinaire ni muongo. Nikisikia ile neno, damu inanipanda ku kichwa. Mutu mwenye akiuza tomati anakuonyesha kwanza yenye kuoza, mbele hata uitafute weye mwenyewe, njo utamuita muongo? Uongo inaomba akili ya kugeuka-geuka, na Mungu hakumupatia Apollinaire ile akili. Alimupatia roho muzuri na kichwa nguvu, basi.

Leo iko tu Mantapala, kule kwa bakimbizi, analima tomati na mihogo. Akitaka kufika Kashikishi ku soko, anazunguka njia ya mbali juu asipite Kabuta. Ukimuuliza sababu, anasema njia ya Kabuta iko na muchanga mingi, baiskeli inazama. Muchanga! Ile njo uongo moya tu yenye nilisha kusikia mu kinywa yake. Miye najua sababu, na kwa vile yeye hataki kuisema, nitaisema miye.

Naitwa Marlène. Nanunua samaki ku Kilwa, ile kisiwa ya ziwa, naileta na mashua, nauza Kashikishi. Apollinaire alioa dada yangu mukubwa, Florentine. Siye wote tulitoka Congo, upande ya Pweto, wakati bunduki zilikuya mupaka mu kijiji yetu. Miye nilivuka wa kwanza. Bao babili balichelewa, njia ikafungwa, bakajificha mu matete ku kando ya ziwa, mayi ku kiuno, na mihogo mibichi ya kutafuna.

Mule mu matete mulikuwa ndeke mbili, bwana na bibi, ile mirefu yenye iko na taji ya manyoya ya dhahabu ku kichwa. Florentine alinielezea yeye mwenyewe. Batu ya bunduki bakikaribia, ndeke zinasimamisha shingo na kunyamaza, na bao pia bananyamaza. Ndeke zikirudia kula, bao banajua hatari ilisha kupita, banaweza kukohoa. "Ile ndeke njo ilikuwa inatuchunga," dada yangu alikuwa anasema. Hakusema vile miaka mingi. Homa ilimubeba mu mwaka ya kwanza ya Zambia, tukamuzika mu udongo yenye haikukuwa ya kwetu, na Apollinaire akabakia peke yake mu nyumba ya maturubai.

Basi muelewe vile ilikuwa siku yenye alishuka Kabuta na baiskeli kubadilisha tomati na samaki, akaona mu matete, kule mwisho ya kijiji, ndeke mbili za namna ile ile. Alikuya mupaka kwangu na macho mekundu.

"Marlène, iko pale. Bwana na bibi."

Miye nilizani amekunywa. Nilimutukana kidogo, juu kwetu kutukana shemeki haina kosa, ni kazi. Kisha nikaona hanuki pombe, nikamupatia kiti.

Tangu ile siku, kila mara akimaliza kuuza tomati, anaingia mu matete. Bavuvi ya pale, neti ikipasuka, banaitupa mule mule. Ndeke inanaswa muguu mu neti, inabakia pale mupaka inakufa njaa. Apollinaire alikuwa anavuta zile neti moya moya, matope mupaka ku kifua, anaitoa, anaichoma ku kavu. Alikuwa anatoa na mitego ya kamba. Alikuwa anarudi na harufu ya samaki mufu, na kucheka juu ya uso kama mutu mwenye ametoka ku harusi.

"Shemeki," nilimuambia, "mutu muzima unaacha shamba, unaenda kufua matope?"

"Weye unachunga samaki yenye imekufa," akasema. "Acha miye nichunge yenye iko nzima."

Nikarudilia kupanga samaki yangu.

Kisha mutu ya kwanza akamufuata: Webby, muvuvi, Mubemba ya pale pale Kabuta, mwenye alifanya kazi Pweto zamani na anasikia Kiswahili yetu mupaka ndani. Kisha bamama batatu ya kanisa. Bakajiita komite. Komite ya nini, bila biro ya kukaa, bila kofia, bila hata kalamu! Batu balikuwa banabauliza: nani anabalipa? Bakisema hakuna mutu, batu banacheka, banasema hawa banaficha. Mu ile inchi yetu ya leo, mutu akifanya kazi ya bure, banamuogopa kuliko mwizi.

Mwaka ule, mvua ikielekea kuisha, ile ndeke mbili ikajenga kiota katikati ya matete. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Apollinaire aizoee. Webby aliona mayai. Apollinaire hakulala tena vizuri. Bamama ya kijiji balikuwa banakata matete ya kusuka mikeka, na kila wiki balikuwa banasogea kidogo ndani. Yeye alikuwa anataka kitu moya tu hapa duniani: ile matete ibakie vile iko, mupaka batoto ya ile ndeke itoke ku mayai na iruke. Basi akaenda kuomba hedimani Nkonde, mukubwa ya kijiji, amuruhusu aseme mbele ya batu.

Hedimani akakubali. Lakini ile wiki Webby na bale bamama ya komite balikuwa Mwansabombwe, ku kilio ya mujomba ya Webby, na miye nilikuwa nafunga mizigo ya kwenda Kilwa.

"Ngojea Webby arudi," nilimuambia.

"Mayai haingojee, Marlène. Na batu ya Kabuta banasikia Kiswahili. Kila siku tunauziana."

"Banasikia Kiswahili ya bei!" nikapiga kelele. "Ngapi, punguza, ongeza, hapana, leta. Utabaambia habari ya mayai na ile Kiswahili?"

Wapi! Kichwa nguvu. Akavaa shati ya misa, akapanda baiskeli.

Vile ilipita mu ule mukutano, alinielezea mwenyewe, na kisha batu wengine bakanielezea, na yote inalingana. Alisimama mbele ya kijiji yote, akasema: "Bandugu, tunaomba ile matete ya mwisho ikuwe kibanza ya ndeke." Akasema ndeke itatua pale kila mwaka. Mama moya akauliza, itatoka wapi? Akasema zingine za hapa hapa, na zingine zitatoka mbali, mupaka Ulaya. Muzee moya akauliza, kubwa ao kidogo? Akasema zote, kubwa na kidogo, hatutafukuza hata moya. Akasema bageni pia batakuya kuziona, na kijiji itajulikana. Yo! Batu balipiga makofi. Bamama balipiga vigelegele. Hedimani Nkonde alisimama akamushika mukono na mikono yake mbili. Mutu moya akamufungia samaki mubichi mu jani, akasema chukua, baba, ni yako.

Apollinaire alirudi Mantapala anaimba. Alizani alipata batu, akaacha ndeke ilalie mayai bila kuisumbua. Tangu tuvuke ziwa, njo mara ya kwanza mutu yeyote alimupigia makofi.

Miye nilikaa Kilwa zaidi ya wiki, samaki ilikuwa kidogo. Siku ya kurudi, mu mashua, kulikuwa bamama babili ya Kabuta banazungumuza Kibemba. Miye bwana yangu ni Mubemba, nasikia yote. Moya alikuwa anasema kaka yake amepata nafasi muzuri, amesha kukata matete, amepanda hata vijiti vya nyumba. Mwingine akasema yeye alichelewa, alipata tu ku kando, lakini serkali ikikuya itamulipa na yeye, juu kila mwenye banamukuta na nyumba mu ile kibanza lazima alipwe mbele ahame.

"Kibanza gani?" nikauliza.

"Haujasikia? Icibansa ca ndeke. Kabuta itapata. Ni mutu ya Congo njo alitangaza."

Nilishika ubao ya mashua na mikono mbili. Mama yangu! Kwetu Congo, yenye inaruka tunaiita ndeke, ikuwe ya manyoya ao ikuwe ya chuma, jina ni moya na hakuna mutu anachanganyikiwa. Lakini Mubemba, ndeke kwake ni ya chuma tu. Ya manyoya iko na jina yake ingine, ifyuni. Na ukimutajia kibanza ya ndeke, kwake unataja uwanja, kwenye ndeke za chuma zinatua. Ndeke kubwa na kidogo. Zenye kutoka Ulaya. Zenye kuleta bageni. Kila neno yenye Apollinaire aliweka ili kusaidia ndeke yake, alikuwa anapigilia musumari ingine.

Ulimi hauna mufupa, bazee balisema, na hakuna mwenye alikuwa na nia mubaya. Ile njo inanikasirisha zaidi. Kama kulikuwa mutu mubaya, ningemupata ku soko, ningemuchana mbele ya batu mupaka achoke. Sasa nimuchane nani? Neno?

Tulipokaribia Kabuta, moshi ilikuwa tayari. Jua ya ile wiki ilikuwa kali, matete yenye balikata ilikauka, na ile asubuhi balikuwa bamewasha moto kusafisha viwanja. Moto ya matete makavu haina muchezo. Iliingia mu yenye ilikuwa imesimama bado, ikaendelea nayo, mule kwenye mayi ilikuwa imesha kupungua.

Nilishuka mu mayi mbele mashua ifunge kamba. Nikaacha samaki, nikaacha viatu. Apollinaire alikuwa amefika wakati ile ile, kutoka upande ya barabara. Aliona moto, alizani ni bahati mubaya. Alikuwa anakimbia ku nyumba hii na ile, anapiga milango, anaita batu bakuye na ndoo. "Kuyeni! Kuyeni tuzime! Inaungua kibanza ya ndeke!"

Na batu balikuwa bananyanyua mikono kumusalimia. Kijana moya mwenye kushika panga alimupiga ku bega, akamuambia na Kiswahili ya soko, na kucheka: "Baba, usiogope! Ni siye. Tunasafishia ndeke!"

Apollinaire alimuangalia ile kijana. Akaangalia moto. Nilimuona vile uso yake ilijaribu kuelewa na ikakataa.

"Mayai ilisha kutoka," aliniambia, kama vile ni miye nilikuwa na funguo ya kitu. "Webby alirudi ku kilio jana, akapita upande ya ziwa, akaniambia. Ni batoto sasa. Haiwezi kuruka."

Ndeke mbili zilikuwa juu, zinazunguka mu moshi na kulia. Sauti ya ile ndeke ni kama mutu mwenye anaita mutu kwa jina. Zinashuka, moto inazisukuma, zinapanda tena. Apollinaire akaingia. Nilimushika shati, shati ikabakia ku mukono yangu. Webby njo alimutoa, alimuburuta na miguu yote mbili imeungua, na mu mikono hakukuwa kitu. Batu balikuwa bamezunguka, banafikiri huyu mukimbizi ana wazimu, ametuletea uwanja na sasa anajitupa mu moto.

Niliwaambia hapo hapo. Niliwaambia na Kibemba, na matusi, na machozi: ifyuni, nyinyi bajinga, ifyuni, ya mabawa, ya kiota! Bengi hawakunisikia. Benye balinisikia hawakuamini. Mutu mwenye amesha kujenga nyumba mu kichwa yake, hauwezi kumuambia haina kiwanja.

Ndeke moya, sijui ni bwana ao bibi, ilibakia siku zingine inatembea mu majivu, inainua muguu polepole. Kisha haikuonekana tena.

Apollinaire alikaa kwangu mupaka miguu ipone. Hakulia. Ningependa alie, ningejua kitu ya kufanya. Alikuwa anakaa ku mulango, anangojea Webby. Webby akitoka ku ziwa, alikuwa anapita kumufundisha Kibemba. Apollinaire alikuwa anarudilia kila neno, polepole, mupaka iingie vizuri: samaki, nyumba, moto, samahani. Miye nilikuwa nakaanga samaki nyuma yao, nasema ndani ya roho yangu, umechelewa, shemeki, mayi ikimwagika haizoleki. Lakini kwa kinywa nilimuita tu akule. Hata miye niko na mipaka.

Miezi ikapita, na hakuna mutu ya serkali alikuya kupima kitu. Nyumba ya udongo zenye balijenga mu ile matope zikaanza kuanguka na mvua ya kwanza. Mihogo yenye balipanda ikaoza. Mutu moya akaenda kuuliza ku biro ya serkali, bakamucheka: uwanja ya ndeke, Kabuta? Njo hasira ikageuka. Sasa Apollinaire alikuwa muongo, mukimbizi mwenye alikula samaki ya batu na kuwatia ujinga. Hedimani Nkonde akamuita akuye ajieleze. Webby hawakumutaka kama mutafsiri, balisema naye ni wa komite. Bakanitaka miye, juu miye ni bibi ya Mubemba na nilisha kubatukana mbele, basi siwezi kubapendelea, sijui ile ni akili gani.

Tulienda. Apollinaire alivaa shati ingine, ile ya misa ilibakia mapande. Batu balikuwa bengi, na hakuna mwenye alimupatia kiti. Nilitaka kuanza kusema, akaniwekea mukono ku bega. Alisema yeye mwenyewe, na Kibemba, bila kukosea: alikuwa anataka kusema ifyuni. Hakujua ile neno. Anaomba samahani kwa kila mutu mwenye alipoteza jasho yake.

Mama moya akacheka kidogo, akajifunika kinywa. Kisha bengi bakashusha macho, na nikaona hasira inatoka mu batu, na kwenye ilitoka hakuna kitu ingine iliingia.

Hedimani Nkonde si mutu mubaya. Nasema tena, si mubaya. Alitikisa kichwa, kisha akasema, haraka-haraka, na Kibemba ya bazee, na huruma ya kweli mu sauti: "Ifyuni! Lakini, baba, ile matete nani alikuwa anaitaka? Ni matope tu. Tangu bababu yetu hakuna mutu alitia jembe mule. Bamama bakikata, banakata ya mikeka, ku kando. Kama weye haungesema kitu siku ile, kama ungebakia tu kwako na tomati yako, leo ile ndeke yako ingekuwa pale na batoto yake."

Batu bakaitika, ee, ni kweli, ni kweli kabisa.

Apollinaire akageuka kwangu, anangojea. Niliangalia ile shati mupya, vile aliifunga vifungo mupaka juu ku shingo.

"Anasema imekwisha," nikamuambia. "Anasema haikukuwa kosa yako. Banakusamehe, twende."

Aliitika na kichwa. Akamushukuru hedimani na Kibemba, akamushukuru vizuri, na mikono mbili. Tulitoka, akasukuma baiskeli, miye pembeni, mupaka tukapita nyumba ya mwisho na kufika kwenye udongo ingali mweusi. Pale akasimama. Hakuangalia udongo, aliniangalia miye.

"Aksanti, shemeki," akasema. "Lakini nilisikia. Neno kwa neno."